Jumamosi Saa Kumi: Shajara ya Kagerankanda

Jumamosi, 1 Juni 2024

Tabibu wa zahanati amenikagua leo, akafunga kadi yangu na kusema, "Mwalimu, kazi ya dawa imeisha. Iliyobaki ni kazi ya watu. Tafuta watu." Nikamuuliza watu gani. Akasema waliokunywa kama wewe wakaacha, wanaokutana na kuzungumza. Nikamuuliza hapa Kagerankanda wako wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye angependa kujua, maana kila wiki anao wagonjwa wa kuwapeleka huko.

Aliwahi kukaa Moshi kwa masomo, na pale Hospitali ya KCMC aliona mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Majeruhi wa pikipiki au wa ugomvi akishafungwa vidonda, muuguzi hukaa naye kwa mazungumzo mafupi bila kumgombeza: unakunywa kiasi gani, pombe imekuletea nini, wewe mwenyewe unataka nini. Swali la mwisho limenigusa. Tangu nilipolazwa, kila mtu ananieleza anachotaka yeye. Lakini Moshi ni mbali, na mazungumzo yale huisha. Huku kwetu jioni ni ndefu.

Ni msimu wa mavuno. Maharage yameuzwa, mtama umeanikwa, hela iko mikononi mwa watu. Vilabu vinajaa kuanzia saa tisa alasiri. Kuna pombe ya ndizi, kuna ya mtama, kuna wanzuki ya wafuga nyuki, na kuna gongo kwa waliofikia mahali hizo nyingine wanaziona maji.

Jumanne, 4 Juni

Nimeuliza. Mwenyekiti wa kijiji anasema kikundi cha namna hiyo hakipo. Katekista amenialika jumuiya. Shehe amenikaribisha msikitini japokuwa anajua mimi ni Mkristo, na nimemshukuru kwa dhati. Mhudumu wa afya wa kitongoji chetu anasema kipo kikundi cha wanaoishi na VVU, kinakutana kila mwezi na kimewabeba wengi. Cha walevi hajawahi kukisikia.

Nimerudi nyumbani nikikifikiria hicho cha VVU. Nakumbuka enzi ambazo mtu alificha vidonge vyake ndani ya gunia la mahindi ili hata mkewe asivione. Leo watu walewale wanapigiana simu kukumbushana siku ya kliniki. Hakuna aliyekuja kutoka mjini kuwaondolea aibu. Waliiondoa wenyewe kwa kuonana uso kwa uso mara nyingi.

Jumatatu, 10 Juni

Leo ndiyo tarehe ambayo Alcoholics Anonymous, au AA kama wengi wanavyoiita, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa: 10 Juni 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Nimeisoma habari hiyo kwenye simu hadi chaji ikaisha, na nataka niiandike hapa ili nisiisahau.

Bill Wilson alikuwa mtu wa biashara ya hisa kutoka New York. Alikuwa ameacha kunywa tangu Desemba 1934. Mwezi Mei akaenda Akron kwa shughuli ya biashara, ikaharibika, akabaki peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, karibu na baa, na kiu ikamjia. Alichofanya ni kuchukua simu na kuanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji asioujua, akiuliza kama kuna mlevi anayeweza kuzungumza naye. Mwishowe akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na Dokta Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akinywa hadi mikono inatetemeka. Ilikuwa 12 Mei. Dokta alikubali kukaa dakika kumi na tano tu. Wakazungumza zaidi ya saa sita. Mwezi uliofuata, kwa hesabu ya AA tarehe kama ya leo, dokta akanywa kwa mara ya mwisho maishani mwake.

Katika habari yote hiyo, kilichonishika ni ile simu. Wilson alimtafuta mlevi mwenzake kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakaribia kuanguka. Alihitaji mtu wa kuzungumza naye zaidi ya mtu huyo alivyomhitaji yeye. Halafu wakiwa wawili wakaenda hospitali ya mji kumtafuta wa tatu, wakampata kitandani, mwanasheria. Hawakuwa na ofisi, mfadhili wala kitabu. Kitabu kilikuja mwaka 1939.

Basi hata sisi hatujachelewa.

Ijumaa, 14 Juni

Mikutano ya AA ipo Dar es Salaam na ipo Arusha. Nairobi ipo mingi. Zanzibar kuna zile nyumba za soba, ambako vijana wengi walioacha heroini wamepona kwa kufuata hatua kumi na mbili za AA. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni pembejeo za msimu mzima. Mtu hawezi kwenda mkutanoni Dar kila wiki akitokea huku kwetu Kasulu, na anayesema "waende mjini wakatibiwe" hajapiga hesabu hiyo.

Ila tangu korona ya mwaka 2020 mikutano mingi inafanyika pia kwa simu. Jana usiku nilipanda kilimani nyuma ya shule, mahali mtandao unaposhika, nikajiunga na mmoja. Nilikuta watu wa Afrika Mashariki, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika. Mwanamke mmoja akasema jina lake la kwanza, akasema ni mlevi, na wote wakamjibu kwa kumsalimu kwa jina. Akaeleza kwamba jioni ile alikuwa amepita njia ya mbali ili asipite mbele ya duka fulani. Basi, hakusema zaidi. Hakuna aliyemshauri wala aliyemwombea hadharani, na hakuna aliyemwambia "jikaze". Wakamshukuru, akafuata mwingine. Mimi pia huwa nazunguka hivyo, napitia kwenye mihogo ya jirani, na sikuwahi kumweleza mtu.

Bando likakatika kabla zamu yangu haijafika. Nilikaa gizani pale juu kwa muda, na kwa mara ya kwanza sikuona haja ya kuharakisha kurudi ili usingizi unifiche.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada nilibaki na kikundi cha maombi. Ni watu wema. Waliniombea kwa muda mrefu, na nguvu yake niliiona. Kisha wakaniomba ushuhuda.

Hapo ndipo nilipokwama. Ushuhuda unataka habari iliyokwisha: nilikuwa gizani, sasa niko nuruni. Ya kwangu bado inaendelea kila siku ifikapo saa kumi jioni. Nikitangaza ushindi leo, wiki ijayo nikishindwa nitaona aibu kurudi mbele yao, na nikiacha kurudi nitakuwa nimepoteza kanisa na afya kwa pamoja. Nimewaona waliopotea kwa njia hiyo. Pia wapo wanywaji wasio wa kanisa hili: fundi baiskeli wa sokoni ni Mwislamu, na mzee wa asali, mfuga nyuki, hana dini anayoitaja. Nao wataingia wapi?

Sisemi makanisa hayafai. Wasabato wa huku wamelea vizazi vya watoto visivyoonja pombe, na hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo mtungi hutangulia kwenye posa, kwenye msiba na kwenye kulima kwa ujima. Ninachosema ni kwamba mlevi anahitaji pia mahali ambapo anaruhusiwa kusema kwamba leo hii anaitaka pombe.

Alhamisi, 27 Juni

Fundi baiskeli aliposikia nimeacha, naye akaamua kuacha. Hakumwambia mtu. Jumanne hakunywa kabisa, yeye ambaye hunywa gongo tangu alfajiri. Jana asubuhi akaanguka dukani kwake, mwili ukikakamaa, povu likimtoka. Watu wakasema kifafa, wengine wakasema karogwa na mwenye kilabu. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimemshika, hadi zahanati.

Tabibu alimpa diazepam na vitamini B1, akakaa karibu naye. Akanieleza, na ninayaandika kama alivyoyasema. Ubongo uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla, unachachamaa. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa chache. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu na watu wasiokuwepo, na asipotibiwa anaweza kufa. Kwa hiyo mtu wa kunywa kila siku asiache peke yake chumbani. Aje kwanza zahanati, apunguziwe kwa dawa, aangaliwe.

Ninakasirika nikikumbuka ni mara ngapi tumewaambia watu "acha tu, ni kujitakia". Hapa kijijini wapo waliozikwa wakisemwa wamerogwa.

Jioni nimekwenda kumtazama. Amelala, amepungua, ana haya. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamweleza ya kwangu, yote, kwa Kiha, maana machungu haya siyawezi kwa Kiswahili cha darasani. Hakunijibu. Nilipoinuka akanishika mkono, akasema, "Kesho utakuja tena, Mwalimu?"

Jumamosi, 6 Julai

Mkuu wa shule ametupa darasa la awali kwa mikutano yetu wenyewe, kila Jumamosi saa kumi jioni. Nimechagua saa hiyo makusudi, kwa sababu ndiyo saa miguu inapoanza kutembea yenyewe.

Tulikuwa watatu: mimi, fundi, na mzee wa asali. Mzee tulidhani kapita tu kusalimia. Akaketi kwenye kile kibenchi cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akasema wanzuki amekunywa tangu alipoanza kumfuata baba yake kwenye mizinga, na kwamba asali yake nusu huuzwa, nusu hainunuliwi na mtu kwa sababu anainywa mwenyewe. Amewahi kulala msituni usiku wa mvua, mita chache kutoka kwenye kambi yake, akishindwa kuifikia. Alisema kinachomshinda ni msiba. Mkinyweshana kwa mrija mmoja kwenye mtungi wa marehemu, anayekataa huulizwa ana neno gani na wafiwa.

Hatukumjibu. Ilikuwa vigumu kwangu, nimezoea kufundisha. Tuliweka kanuni chache: kila mmoja anazungumza habari zake tu, asiyetaka kuzungumza asilazimishwe, na yanayosemwa humu hayatoki. Saa moja ikaisha. Tukafagia darasa, maana Jumatatu ni la watoto.

Jumamosi, 20 Julai

Leo amekuja mama anayepika gongo. Wanaume wawili wageni walitaka kuondoka. Mmoja akasema hadharani kwamba huyu ndiye aliyetumaliza. Nikamwomba aketi. Kwa AA sharti la mtu kuwa mwanachama ni moja, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Kazi ya mtu haiulizwi, wala dini au kosa lake.

Akasema yeye huonja kila mtungi ili ajue ukali wake, na kuonja ndiko kulikomfikisha hapo. Akasema ada na sare za wanawe wanne zimetoka kwenye lile pipa. Anajua gongo ni haramu kisheria. Sheria ya kuidhibiti ipo tangu mwaka 1966, na ametozwa faini akarudi akapika ili alipe deni la faini. Akilia alisema, "Nikiacha kunywa sharti niache kupika. Nikiacha kupika watoto wale nini, kaka zangu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na ndani ya mkutano hatutoi majibu. Lakini hapa kwenye daftari langu nitasema. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali, nilifurahi kwa moyo wote, na mpaka leo naona ulikuwa uamuzi mzuri. Vijana wa shule walikuwa wakivitia mfukoni. Ila hapa kwetu aliyekosa kiroba alitembea hatua hamsini hadi kwa mama huyu. Pombe ya pipani haina anayeipima. Kenya, Mei 2014, iliyochanganywa methanoli iliua makumi ya watu na kupofusha wengine, na Februari mwaka huu watu wamekufa tena kule Kirinyaga. Polisi wakivunja pipa bila mama kuwa na mradi mwingine, pipa litarudi. Baada ya mkutano mzee wa asali alimwita pembeni. Amemwambia atamkopesha mizinga, alipe kwa asali. Mimi sikumtuma.

Jumatano, 24 Julai

Mambo mawili yametokea siku moja.

Kiongozi mmoja amekuja kutaka orodha ya majina ya "walevi walioacha", aiweke kwenye taarifa. Najua nia yake ni njema. Nimemwambia hatuna orodha na hatutakuwa nayo. Kijiji hiki kila mtu anamjua mwenzake. Nani alikunywa si siri. Siri tunayoilinda ni yale yanayosemwa ndani ya chumba. Siku majina yakiandikwa, yule mama wa gongo hatakuja tena.

La pili ni la posho. Mgeni mmoja aliyepitia huku kutoka upande wa kambi ya wakimbizi ameuliza kama tunalipana posho ya kikao, na kama la, angeweza kututafutia mfadhili. Wenzangu walinitazama. Sote tumehudhuria semina za kambini na za wilayani, tunajua bahasha ya mwisho. AA inakataa fedha za nje kabisa, na sasa naelewa kwa nini. Posho ikiingia, chumba kitajaa wanaotaka posho, na siku itakapokatika hatabaki mtu. Mahitaji yetu ni mafuta ya taa na ufagio. Tumechangishana.

Lakini ya kambini si yote ya bahasha. Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996, kulikuwa na mpango ulioitwa Nguvu, ambako wanawake wa Kikongo waliopigwa na waume zao walikaa kwa makundi na kuzungumza yaliyowapata, kikao baada ya kikao. Wale walikuwa wamepoteza nchi nzima, na wakaweza kukaa duara wakasema. Anayeniambia watu wa bara hili hawawezi kufunguka, namwelekeza huko.

Jumapili, 4 Agosti

Mke wangu ameniuliza, "Na sisi tunakaa na nani?" Alisema hivyo akipepeta maharage, bila ukali. Nikamweleza kwamba mke wa Bill Wilson, Lois, alijiuliza vivyo hivyo, na mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaanzisha Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema atazungumza na mke wa fundi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nanenane imempitia mmoja wetu. Alikwenda Kasulu mjini na magunia mawili ya mahindi, akarudi jana bila mahindi, bila hela, bila kiatu kimoja. Leo saa kumi tulimwona amesimama nje ya dirisha. Mama wa mizinga, hivyo ndivyo tunavyomwita sasa yule mama wa gongo, akatoka akamwambia, "Ingia mdogo wangu, nafasi yako ipo." Akaingia akinuka, akaketi. Hatukumhoji. Zamu yake ilipofika akasema jina lake na kwamba ni mlevi, akaishia hapo.

Tabibu ameniambia kwamba mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakakuta kwamba mipango inayowaongoza watu kwenye AA huwasaidia kuacha kabisa sawa na matibabu mengine ya kisaikolojia, mara nyingi hata zaidi. Nimefurahi kusikia. Ila niliyoyaona dirishani leo yangenitosha. Mwaka jana mtu yule angekwenda moja kwa moja kilabuni, kwa sababu ndiyo ilikuwa nyumba pekee ambayo ingempokea katika hali ile.

Jumamosi, 31 Agosti

Mvua zikianza, nusu ya watu watahamia mashambani, huko mabondeni ndani, wakae wiki na wiki. Mzee wa asali amesema atafungua mkutano wa pili kwenye banda lake la mizinga, siku ileile, saa ileile, ili anayelala shamba asikose.

Kuna mtu wa Kibondo amepata habari zetu kwa mkwewe, ametuma ujumbe kwamba anataka kuanza kwao na anaomba "muongozo". Nimemwandikia karatasi hii, nitamkabidhi dereva kesho:

Ndugu yangu, chagua siku na saa, usizibadilishe. Uwe pale hata ukiwa peke yako. Pawe mbali na kilabu, na pasiwe nyumbani kwa mtu. Msiandike majina. Msipokee posho, msitoe posho. Mwislamu na Mkristo wakae benchi moja, na mwanamke asiulizwe kwa nini amekuja. Aliyelewa jana apokelewe leo. Mtu anayekunywa kila siku msimwache akaacha ghafla. Mpelekeni kwanza kwa tabibu, na mkae naye siku zile za mwanzo. Ukihitaji wa kuketi nawe mara ya kwanza, tuma ujumbe tu. Nauli tutachangishana, na tutakuja wawili.